Hivi tetemeko la nchi moja linasimamishaje viwanda vya magari nchi zingine?

swali_dogo: Wakuu naomba mnieleweshe. Nilikuwa nasoma habari za lile tetemeko na tsunami ya Japani, Machi 2011, nikakuta Ford na Chrysler huko Marekani walipunguza kupokea oda za magari ya rangi fulani nyeusi na nyekundu. Sasa rangi na tsunami wapi na wapi? Afu kampuni kubwa hivo si zinakuwa na masaplaya kibao, mmoja akikwama unahamia kwa mwingine?

spana_mkononi: Masaplaya kibao ndio, ila ukiwafuatilia unakuta wote wanachota kisima kimoja. Hiyo ya rangi ni Xirallic, ule unga unaochanganywa kwenye rangi unaofanya bodi ya gari imeremete juani, na kipindi kile kiwanda kilichokuwa kinautengeneza ni kimoja tu duniani, cha Merck, kampuni ya Kijerumani, kipo Onahama mkoa huohuo wa Fukushima wenye kile kinu cha nyuklia. Watu wakahamishwa, kazi ikasimama. Mwenye kiwanda cha magari yeye anamjua aliyemuuzia rangi, basi. Aliyemuuzia huyo muuza rangi hana habari naye.

Chipu, vile vipande vidogo vya kielektroniki vinavyoendesha mifumo ya gari, nazo hivohivo. Kiwanda cha Renesas, watengeneza chipu wa Japani, pale Naka kiliumia vibaya, wateja wenyewe wakapeleka watu wao kusaidia kukarabati, na bado uzalishaji ulianza kurudi Juni. Na usidhani chipu unaihamisha kirahisi kama mkate kwenda oveni nyingine, kila laini ina mashine zake na vipimo vyake, kuipitisha upya kwa matumizi ya gari ni miezi.

mzee_wa_stoo: Tatizo ni hii tabia ya kutoweka akiba, kila kitu kije saa ileile kinapohitajika ili hela isilale stoo. Bahari ikitulia mnasifiana, ikichafuka mnalia.

maji_shingoni: Mzee nakubali nusu. Stoo ikiwa bondeni pamoja na kiwanda inasaidia nini? Thailand mwaka huohuo 2011 mafuriko yalimeza maeneo saba ya viwanda, Honda pale Ayutthaya wakaja kusaga magari zaidi ya 1,000 yaliyokuwa yamekamilika kabisa lakini yamezama. Western Digital nao kiwanda chao cha Bang Pa-in kikaingia maji, bei ya hard disk, zile za kuhifadhia data kwenye kompyuta, ikapaa karibu dunia nzima. Na yale maji hayakuja ghafla kama tsunami, yalikuwa yanateremka polepole wiki kwa wiki, watu wanayaona.

spana_mkononi: Toyota baada ya 2011 ndo wakashtuka, wakaanza kuchora ramani ya masaplaya mpaka wa ngazi za chini huko, na wa chipu wakaambiwa waweke akiba ya miezi kati ya 2 na 6. Ndo maana uhaba wa chipu wa 2021 ulipoanza wao walivumilia kuliko wengi, japo kufika Septemba na wao walikata uzalishaji.

swali_dogo: Kumbe. Sasa si kila kampuni ichore hiyo ramani tu?

spana_mkononi: Nani akuchoree? Saplaya wako akikutajia anakonunua kesho unamruka unaenda kununua mwenyewe, kwa hiyo anakaa kimya, na huyo aliye nyuma yake unamjua siku kiwanda chake kimezama.