Nimepata Webley Mk VI ya 1917 ila silinda imekatwa, .45 ACP inaruhusiwa kweli?

Mzee wa Houston
Wakuu habari za wikiendi. Nipo Texas huku, wale wapenzi wa chuma za zamani naombeni mnisaidie. Kuna mzee mtaani alifariki, familia wakapeleka vitu vyake kwenye duka lenye leseni, nikaingia kuangalia tu nikajikuta natoka na Webley Mk VI, ile rivolva (bastola ya silinda) ya zamani ya jeshi la Uingereza. Fomu ya 4473, ile ya serikali ya kununulia silaha, nimejaza, kisheria nipo sawa hilo sio swali langu. Ubavuni imegongwa WEBLEY MARK VI PATENTS na chini yake 1917. Rangi imebaki kama nusu, kwenye mpini kuna zile bamba nyeusi zenye vichorochoro, moja ina ufa mdogo chini. Ukisukuma komeo kwa dole gumba inavunjika katikati, mtutu unalala chini na ile nyota inainuka kutema maganda, aisee raha tupu hata bila risasi.

Sasa shida. Muuzaji kaniambia silinda ilikatwa kidogo kwa nyuma ili ipokee .45 ACP, risasi ya Kimarekani, badala ya .455 yake ya asili, akanipa na zile klipu bapa za duara zinazoshika risasi sita pamoja, akasema we kanunue boksi lolote dukani ukapige. Nafika home nasoma nakuta watu wanasema usithubutu. .455 yenyewe bei yake inauma na kuipata mpaka uitafute, .45 ACP zipo kila kona. Mkweli nani? Na kusafisha naanzia wapi, kuna vikutu kwenye mtutu nje na sitaki kuiharibu.

Fundi Silinda
Mkuu hongera kwa chuma ila hayo maboksi ya dukani yaache kwanza. Kilichokatwa ni nafasi, nguvu ya chuma haijaongezeka hata chembe. Risasi ya .455 Mk II ni nzito lakini ni mpole, grein 265 inaenda kama futi 600 kwa sekunde, presha yake ni kama psi 13,000 (pauni kwa inchi ya mraba). .45 ACP ya kawaida ukomo wake ni psi 21,000. Hapo hujaweka zile zenye alama ya +P, yaani za presha ya juu zaidi. Yaani kila ukivuta triga unaipa bastola ya zaidi ya miaka 100 mzigo ambao hata ilipokuwa mpya kiwandani haikutengenezewa kuubeba kila siku.

Hii habari ya kukata ilianza baada ya vita ya pili, Waingereza walikuwa wameshahamia kwenye Enfield ya .38 toka 1932, hizi za .455 zikauzwa kwa wingi huko Marekani bei ya kutupa. .455 hazipatikani, .45 ACP zimejaa sababu ya bastola ya M1911 ya jeshi la Marekani, basi mafundi wakawa wanapunguza chuma nyuma ya silinda ili klipu ikae. Biashara tu, hakuna aliyekuwa anawaza itakuwaje miaka 60 mbele.

Jangwani AZ
Mimi nitapishana na Fundi kidogo. Ninayo iliyokatwa, napiga .45 ACP za kawaida miaka sasa, haijawahi kupasuka na bado inalenga vizuri. Watu wa mtandaoni wanatishana sana

Fundi Silinda
Jangwani hakuna aliyesema itapasuka leo. Silinda haikupi taarifa, inachoka polepole. Angalia pale kwenye vikato vya kusimamishia silinda, ukuta wa chuma ni mwembamba sana, ufa ukianza unaanzia hapo na kwa macho hauuoni. Na hata isipopasuka unaimaliza. Ifunge ikiwa tupu, shika mpini mkono mmoja na mtutu mkono mwingine, jaribu kuutikisa juu chini. Kama pale kwenye komeo na bawaba panacheza unajua zile .45 zimefanya kazi yake. Hiyo ndio tofauti ya bastola ya kuvunjika na Smith & Wesson ya fremu nzima, Webley imeshikwa na komeo na bawaba tu, kila teke linakuja hapo hapo.

Mzee wa Houston unazo njia mbili. Ya kwanza ujaze risasi mwenyewe au umpate mtu anayejua kujaza, mtumie maganda ya .45 Auto Rim. Haya yana ukingo wake hivyo klipu huhitaji, yalitoka 1920 kwa ajili ya rivolva za M1917 za jeshi la Marekani. Humo mnaweka kichwa laini cha madini ya risasi tupu kisicho na koti la shaba, na baruti ndogo ya kufikia kiwango cha .455, vipimo mchukue kwenye kitabu cha kujazia msichukue kwa mtu huku, hata kwangu. Kichwa laini kinasaidia pia kwa sababu mtutu wako ni mpana kidogo kuliko kichwa cha .45 ACP chenye koti la shaba, hicho cha koti kinapita bila kushika mifereji ya ndani ya mtutu vizuri halafu unalalamika shabaha mbovu. Njia ya pili ni kutafuta silinda ambayo haijakatwa, ila hiyo lazima fundi aifanyie taimingi, yaani kila tundu likae sawa na mtutu, usinunue ukachomeka tu.

Tanga Raha
Hiyo si ndio ile ilipigana Tanga na Wajerumani 😂

Brummie Mswahili
@Tanga Raha hapana bwana, vita ya Tanga ni Novemba 1914, Mk VI imepitishwa Mei 1915. Hapo labda Mk V, toleo la kabla yake, na ndugu zake.

Mimi nipo Birmingham, mji uliotengeneza hiyo bastola, na siruhusiwi hata kuigusa. Baada ya yale mauaji ya shuleni Dunblane, Uskoti, 1996 wakapiga marufuku bastola 1997, tunaziangalia kwenye vioo vya makumbusho. Nyie wa Texas mnatuumiza roho.

Babu Grisi
Kwenye usafi niachieni mimi.

Kijana kwanza hakikisha tupu, angalia matundu yote sita kwa macho na kwa kidole. Kutu ya nje tumia sufi laini kabisa ya shaba au bronzi na oili nyingi, sugua taratibu, kutu inatoka rangi inabaki. Sufi ya chuma ya jikoni na msasa HAPANA. Na usije ukashawishiwa kuipaka rangi upya ing'ae, wakusanyaji wanataka ile ya 1917 hata kama imechakaa, ukiipaka upya bei inashuka papo hapo. Hizo bamba za mpini ni valkanaiti, raba ngumu ya zamani, zikipigwa jua zinageuka kahawia na zikianguka zinavunjika, kwa hiyo zifungue kabla ya kuanza kumwaga dawa za kusafishia, na bisibisi iwe imejaa kwenye mfereji wa skrubu kabisa sio ile ya kubahatisha.

Chini ya nyota ndio pa kuangalia sana. Uchafu wa baruti ukijikusanya pale silinda inakuwa nzito kuzunguka watu wanadhani imekufa. Ukiwa renji fungua kwa nguvu kiasi na kwa mkupuo mmoja, ukifungua kwa kusitasita ganda linateleza chini ya nyota na hapo utahangaika mbele za watu. Kufunga ndio iwe taratibu, zile za sinema za kuifunga kwa kuipiga na kiganja waachie wao.

Ukipata risasi za zamani za jeshi jua praima zake (kile kiwashio cha nyuma ya ganda) nyingi zinaacha chumvi, oili haiitoi. Maji ya moto kwanza, kausha vizuri, ndio oili. Na usiihifadhi kwenye ala ya ngozi hata kama ni ya asili yake, ngozi inavuta unyevu. Ala iweke pembeni.

Mzee wa Houston
Asanteni sana wakuu. Nimetikisa kama Fundi alivyosema, kwenye komeo kuna mchezo kidogo ila bawaba imekaza. Hiyo imekufa?

Fundi Silinda
Kidogo kiasi gani? Kama unausikia mkononi ila kwa jicho hauoni, nyingi zipo hivyo. Kama unaona mwanga unafunguka na kufunga, usipige kitu chochote mpaka fundi wa bunduki aione. Tuwekee picha ya komeo kwa karibu, na ya nyuma ya silinda pia.