Mrejesho: kuanguka nikishuka kwenye kamyo

Ndugu, niliuliza hapa kama kuanguka ukishuka kwenye kamyo iliyosimama ni ajali ya kazi. Ilikuwa kwenye foleni ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia, karatasi za forodha mkononi, mguu ukateleza kwenye kidaraja cha kupandia kabini, kifundo kikavunjika. Patroni akadai gari halikuwa likitembea, basi hayamhusu.

Wengi mlipinga, na mlikuwa sahihi. Sheria yetu ya Kongo ya usalama wa jamii ya 2016 inatazama kama uliumia kazini au kwa sababu ya kazi. Delege wa sendika, mwakilishi wa wafanyakazi, akambana patroni, tangazo la ajali likafika CNSS, mfuko wa usalama wa jamii, hapa Lubumbashi. Pesa bado nazingoja.

Fundi alikagua kile kidaraja: chuma laini kabisa, meno yameisha, mafuta yameganda kwenye kona, na mpini wa mlangoni unacheza. Nani angepona hapo? Amechomelea bati lenye meno.

Plasta imetoka. Sasa nashuka nikitazama kabini, mikono yote miwili imeshika, sihamishi mguu kabla mwingine haujatulia. Karatasi anashika konvoyeri, msaidizi wangu wa garini. Wenzangu wananicheka eti nashuka kama bibi harusi. Wacheke tu.