Vifo vya saratani ya tezi dume vinatofautiana mno kati ya eneo na eneo: je, kuwapima PSA wanaume wote ndilo jibu?

Mzee Jabali
Ndugu zangu, naomba tulijadili jambo hili bila jazba. Takwimu za kimataifa za mwaka 2020 zinaonyesha kwamba katika visiwa vya Karibi saratani ya tezi dume iliua takriban wanaume 28 kwa kila 100,000, ilhali katika Asia ya kusini na kati iliua takriban 3 tu, na hapo tofauti za umri zimekwisha kusawazishwa. Afrika kusini mwa Sahara iko jirani na Karibi katika orodha hiyo. Marekani, kwa upande wake, vifo vilifikia kilele mwanzoni mwa miaka ya 1990 na tangu hapo vimepungua kwa takriban nusu. Wamarekani walianza kupima PSA, yaani protini ya tezi dume inayopimwa kwenye damu, kwa wingi mwishoni mwa miaka ya 1980, na haikupita miaka mingi vifo vikaanza kushuka. Kwa nini basi nchi zinazozika wanaume wengi zisimpime kila mwanamume aliyefikisha miaka 50? Najua pia kwamba wanaume wenyewe hawasaidii, kwa maana wengi wao wako radhi kuzikwa kuliko kuinama mbele ya daktari kwa dakika moja ili apapase tezi kwa kidole kupitia njia ya haja kubwa.

Kalamu Nyekundu
Shikamoo, Mzee Jabali. Takwimu zako nimezisoma, lakini ni sentensi yako ya mwisho iliyonichoma. Baba yangu aliinama. Aliinama mara mbili, kwa madaktari wawili tofauti, na mara zote mbili akaambiwa kwamba tezi imevimba kwa sababu ya uzee, akapewa vidonge vya kulegeza njia ya mkojo na vingine vya kutuliza maumivu ya mgongo. Hakuna aliyemwandikia kipimo cha damu. Mwaka wa pili akaanza kuburuta mguu wa kushoto, wiki mbili baadaye akashindwa kusimama, ndipo picha ikaonyesha kwamba saratani imekwisha kuingia kwenye pingili za uti wa mgongo. Naomba unionyeshe, katika habari hiyo, aibu ya baba iko wapi.

Nahodha Mstaafu
Pole sana, kaka Kalamu, na Mungu amrehemu mzee. Hata hivyo, Mzee Jabali hakumsema baba yako. Mimi nina marafiki watano wa rika langu ambao wameng'olewa magego bila kutoa sauti, lakini ukitaja kidole cha daktari, wote watano hukumbuka ghafla kwamba wana safari. Kama hiyo si aibu, tuiite nini?

Bi Tarakimu
Naona swali la msingi limekwisha kukimbiwa, nasi tumebaki na kidole. Mzee Jabali, kwa heshima zote, hoja yako kuhusu Marekani ina tundu. Saratani hii kwa kawaida hukua polepole, na anayeokolewa na kipimo leo ni mtu ambaye pengine angekufa baada ya miaka kumi au zaidi, kwa hiyo kushuka kwa vifo miaka michache tu baada ya kipimo kuenea hakuwezi kuwa kazi ya kipimo peke yake. Uingereza, ambako upimaji ulikuwa mdogo sana kulinganisha na Marekani, vifo vilianza kushuka karibu wakati uleule, ingawa kwa mwendo wa taratibu zaidi. Tiba ziliboreka kote kuwili.

Jaribio kubwa la Ulaya, lililoanza miaka ya 1990 kwa wanaume wa kati ya miaka 55 na 69, lilitoa matokeo mwaka 2009 yaliyoonyesha kwamba upimaji ulipunguza vifo vya saratani hii kwa asilimia 20. Ni habari njema, lakini bei yake ilikuwa kubwa: ili kuzuia kifo kimoja katika miaka tisa hivi, ilibidi kuwaalika wanaume 1,410 na kuwatibu 48 zaidi ya wale ambao wangetibiwa bila mpango huo. Wengi kati ya hao 48 wangezeeka na saratani yao bila kuijua, na badala yake baadhi yao walibaki na mkojo usioshikika na nguvu za kiume zilizopotea.

Mzee Jabali
Bi Tarakimu, marahaba ya takwimu, ila umeishia katikati ya njia. Jaribio hilohilo limefuatiliwa kwa miaka 23, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2025 yanataja kifo kimoja kilichozuiwa kwa kila wanaume 456 walioalikwa, na wagonjwa 12 wa ziada waliogunduliwa. Kadiri miaka inavyosogea, ndivyo bei inavyoshuka.

Bi Tarakimu
Ni kweli, na ningeyataja mwenyewe kama ningeachiwa nafasi. Nawe ungetaja kwamba katika ufuatiliaji huohuo punguzo la vifo lilikuwa asilimia 13, si 20.

Muuguzi wa Zamu
Samahani wakubwa, narudi kwenye kidole, kwa sababu kinawafukuza watu bila sababu. Jopo la Marekani linalotoa ushauri wa upimaji wa kinga lilisema wazi mwaka 2018 kwamba halipendekezi kidole kitumike kuwachuja wanaume wasio na dalili, kwa kuwa hakuna ushahidi wa kutosha kwamba kinaokoa maisha. Kinachoanza ni damu ya mkononi. Kidole kina kazi yake kwa mtu mwenye dalili, lakini tezi inaweza kuwa laini kidoleni na bado ikawa na saratani ndani, jambo ambalo nadhani ndilo lililomkuta mzee wa kaka Kalamu.

Nahodha Mstaafu
Dada Muuguzi, unataka kuniambia kwamba mwaka 2009 nilivumilia yale yote bure?

Muuguzi wa Zamu
Hukuvumilia bure, mzee wangu. Wakati ule ndivyo ilivyokuwa desturi ya kazi.

Mtazamaji
Mnazunguka mbuyu. Jibu ni nasaba. Wanaume wenye asili ya Afrika Magharibi wanaugua zaidi popote walipo, iwe Karibi, Marekani au Uingereza. Marekani penyewe, penye mashine zote za dunia, mwanamume mweusi anakufa kwa saratani hii kwa kiwango cha takriban mara mbili ya mweupe. Damu haidanganyi, na hakuna kipimo kitakachobadilisha asili ya mtu.

Kalamu Nyekundu
Sasa tumefika pale ninapopaogopa kila mjadala huu unapoanza. Kwanza tuliambiwa tunakufa kwa aibu, sasa tunaambiwa tunakufa kwa damu yetu. Kwa vyovyote kosa ni la marehemu, na aliyeshindwa kuandika kipimo anatoka na mikono safi. Ndugu Mtazamaji, damu ya baba yangu haikudanganya kweli, kwa sababu hakuna aliyeiuliza.

Mtazamaji
Sikumlaumu mtu. Urithi si lawama. Ukiambiwa kwamba ukoo wenu una ugonjwa wa kisukari, utakasirika au utapima sukari?

Bi Tarakimu
Ndugu Mtazamaji ana nusu ya ukweli, na kaka Kalamu ana nusu nyingine. Ile mara mbili ya Marekani imefumwa kwa nyuzi mbili. Uzi wa kwanza ni kuugua: wanaume weusi wa Marekani wanagunduliwa na saratani hii kwa kiwango kikubwa zaidi, na nasaba inaonekana kuchangia hapo. Uzi wa pili ni yale yanayotokea baada ya kugunduliwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019, uliowakutanisha wagonjwa wa majaribio ya tiba, wa hospitali za maveterani wa jeshi na wa rejesta za kawaida za saratani, ulionyesha kwamba pale weusi na weupe walipopata huduma zinazolingana, vifo vyao kutokana na saratani hiyo vilikaribiana sana.

Na kama nasaba ya Kiafrika ingetosha kueleza kila kitu, tungemweka wapi Mswidi? Uswidi saratani ya tezi dume inaongoza vifo vyote vya saratani kwa wanaume, na hakuna anayeweza kusema kwamba hospitali zimekosekana huko. Wajapani nao, ambao kwao kiwango kilikuwa chini sana, walipohamia Marekani walianza kuugua zaidi ya ndugu zao waliobaki, na damu yao haikubadilika ndani ya meli.

Nahodha Mstaafu
Haikubadilika ndani ya meli! Kama nahodha, nathibitisha.

Mzee Jabali
Nimewasikiliza, na labda swali langu nilivyoliuliza lilikuwa pana mno. Niliulize upya. Mwaka 2020 Afrika nzima ilikadiriwa kuwa na wagonjwa wapya takriban 93,000 na vifo takriban 47,000. Marekani mwaka huohuo ilikadiriwa kuwa na wagonjwa wapya takriban 192,000 na vifo takriban 33,000. Huku kifo kimoja kwa wagonjwa wapya wawili, kule kimoja kwa karibu sita. Wanaokufa mwaka huu si walewale waliogunduliwa mwaka huu, hilo nalijua, Bi Tarakimu, usinikamate. Lakini pengo hilo linatuambia nini?

Bi Tarakimu
Linatuambia mambo mawili yaliyochanganyikana, na lazima nikukamate kidogo. Ile 192,000 imejaa wanaume wenye saratani ndogo tulivu zilizofichuliwa na kipimo, ambazo kwingineko hazihesabiwi kwa sababu hakuna anayezitafuta. Ukiongeza watu ambao wasingekufa kwa ugonjwa huo, uwiano unapendeza hata kama hujamwokoa mtu yeyote. Lithuania walianzisha mpango wa kitaifa wa kupima PSA mwaka 2006, idadi ya waliogunduliwa ikapaa, lakini vifo havikuporomoka kwa kasi hiyo. Hata hivyo sikatai kwamba sehemu kubwa ya pengo ni kuchelewa. Jopo lile la Marekani liliposhauri mwaka 2012 kwamba kipimo kiachwe, haukupita muda mrefu wagonjwa waliofika na saratani iliyokwisha kusambaa wakaanza kuongezeka, na mwaka 2018 likalegeza msimamo, likasema wa miaka 55 hadi 69 waamue pamoja na daktari.

Muuguzi wa Zamu
Kwetu sisi tunaoshika mpira wa mkojo saa nane za usiku, kuchelewa kuna sura. Mgonjwa analetwa kwa sababu mkojo umefunga, kibofu kimevimba hadi karibu na kitovu, na unapomgeuza ili umtandikie shuka analia kwa sababu nyonga imekwisha kuliwa. Huyo tiba yake ni kuzuia homoni za kiume, kwa sindano za kila miezi michache au kwa kuondolewa korodani, na wengi huchagua la pili kwa sababu sindano hazipatikani kwa uhakika. Mzee Jabali, ukiwapima wanaume wote kesho, nionyeshe kwanza ni nani atakayechukua vinyama vya tezi kwa sindano, ni nani atakayevisoma kwenye hadubini, na mashine ya mionzi iko wapi. Majibu ya PSA bila hayo ni barua ya kumtisha mtu na kumwacha nyumbani nayo.

Mzee Jabali
Basi tuanze na wachache: wenye baba au ndugu aliyeugua, na tuanze mapema, hata miaka 45.

Kalamu Nyekundu
Hilo nalikubali, mzee wangu, kwa kuwa mimi mwenyewe sasa nimo katika kundi hilo. Ila mtajuaje nani ana baba aliyeugua? Cheti cha kifo cha baba kimeandikwa kwamba alikufa kwa figo kushindwa kufanya kazi. Ni kweli figo zilishindwa, lakini ziliziba kwa sababu ya tezi. Neno saratani halimo. Kwa hiyo katika hiyo 47,000 yenu, baba yumo au hayumo?

Bi Tarakimu
Kaka Kalamu, idadi hiyo kwa nchi nyingi haikuhesabiwa kutoka kwenye vyeti hata kidogo, kwa sababu vyeti havitoshi. Inachukuliwa idadi ya wagonjwa kutoka rejesta chache, nyingi zikiwa za mijini, kisha vifo vinakisiwa kwa kuangalia muda ambao wagonjwa wa namna hiyo huishi. Baba yako hakuhesabiwa, wala hakuachwa. Alikadiriwa.

Nahodha Mstaafu
Nimewasoma wote hadi mwisho. Kesho nitawaambia wale watano kwamba ni damu ya mkono tu, nione safari zao zitaelekea wapi.