Mgeni ana siku moja tu Kigoma: Gombe, Ujiji au Katonga?

MamaGungu (mleta mada)

Habari za humu wakuu. Nina gesti ndogo ya vyumba vitano huku Gungu, kulala na chai ya asubuhi. Zamani wageni wangu walikuwa watu wa semina na wafanyabiashara wa dagaa. Mtu anakunywa chai, anaondoka zake. Siku hizi napata watembezi: vijana wa Dar wanaoshuka na treni, Wazungu wawili wawili, watu waliosikia mwisho wa reli wakataka kuuona. Swali lao linakuja na kikombe cha kwanza: "Mama, leo twende wapi?" Nabaki nimeshika birika.

Nimekuwa nikiwajibu Gombe, hifadhi ya sokwe, kwa mazoea, kwa kuwa ndilo jina wanalokuja nalo. Mwezi wa saba niliwatafutia boti wageni wawili. Mwenye boti, simtaji, aliahidi saa 12 asubuhi, akatokea saa 4. Wakafika sokwe wameshapanda mlimani, wakatembea mpaka magoti yakagoma, wakarudi jioni upepo unawachapa. Yule dada alitapika njia nzima. Kesho yake hakugusa hata chapati. Hawakunisema, ila nilinywea mimi kwa aibu.

Sasa nataka nijipange kwa majira, siyo kwa umaarufu. Mezani nina vitatu: Gombe, Ujiji kwa Livingstone, na ufukwe wa Katonga kule Jakobsen. Mahale msinitajie, najua ni zaidi ya kilomita 100 kusini, mgeni wa siku moja hafiki. Nyie mngempa kipi, na mwezi gani?

kiti_cha_nyuma

Nimeweka kambi hapa. Ngoja waje wenye boti.

Nahodha wa Kibirizi

Shikamoo mama. Pole na huyo mwenzetu aliyechelewa, anatuharibia jina.

Nianze na hesabu ambayo wengi hawaifanyi. Gombe ni kama kilomita 16 tu kutoka mjini kwenda kaskazini, ndiyo maana watu wanadhani ni ya kwenda na kurudi kama sokoni Mwanga. Boti za abiria zinaondoka hapa Kibirizi mchana, zimejaa watu, magunia na kuku, zinasimama kila kijiji. Saa tatu au zaidi ndiyo unashuka Kasekela, ndani ya Gombe. Umefika jioni, hakuna tena kwenda kwa sokwe. Kesho yake unapanda mlima. Boti ya kurudi inapita asubuhi mapema, kwa hiyo hiyo ya siku hiyo umeshaikosa, unangoja ya kesho kutwa. Umelala huko usiku mbili. Nafuu inakuja kwako kama mgeni amelipia chumba kwa siku hizo, vinginevyo gesti imekaa tupu.

Ya kukodi ndiyo inawezekana siku moja, saa moja na nusu hadi mbili kutegemea injini. Lakini iondoke giza halijaisha. Kuanzia mwezi wa tano mwishoni mpaka wa tisa upepo wa kusini mashariki unatawala ziwa hili. Asubuhi unaweza kuwa umelala, mchana ukaamka nao. Kwenda kaskazini unakusukuma, hata husikii. Kurudi ndiyo unakula mawimbi usoni. Huyo dada wako alikutana na hicho.

Na mwenye boti asiye na jaketi okozi kwa kila kichwa, mama, hata kama ni shemeji yako, usimpe mgeni.

Mjukuu wa Ujiji

Mmeanza na Gombe kama kawaida, Ujiji tunakumbukwa mwishoni kama kachumbari.

Mama, mgeni wa siku moja mpeleke Ujiji. Haina upepo, haina kutapika, bajaji inamfikisha chini ya nusu saa. Pale kuna makumbusho na mnara mahali Stanley alipomkuta Livingstone Novemba 1871, chini ya mwembe. Mwembe wenyewe ulikufa, iliyopo leo ni uzao wake, na hilo mwambie mgeni mapema asije akapiga picha akidhani ni ule ule. Wengine hawajui kwamba Burton na Speke walishafika hapa Februari 1858, miaka 13 kabla ya Stanley. Na kabla ya wote hao walikuwepo watu wetu. Njia ya misafara ya pembe na watumwa ilianzia hapa ikaishia Bagamoyo, watu wakitembea kwa miguu na mizigo kichwani. Mimi huwa namwambia mgeni asimame kwenye mnara kisha ageukie mashariki, afikirie kutembea mpaka baharini.

Atakuuliza pia mbona ziwa liko mbali na mnara. Zama za Livingstone maji yalikuwa juu zaidi, yakaja kushuka baada ya ziwa kupata upenyo wa kutokea Mto Lukuga upande wa Kongo.

Msimu wake? Mwaka mzima, ila maembe yakiiva ndiyo raha. Mvua zikianza kuanzia Oktoba, Novemba, miembe ya Ujiji inaangusha mpaka mbuzi wanachoka.

Bongo_Mtembezi

Naomba kumpinga mjukuu kwa heshima zote. Nililala gesti moja Kigoma siku nne, siyo ya mleta mada. Tukapelekwa Ujiji. Makumbusho tulimaliza ndani ya dakika 40, pamoja na kupiga picha na sanamu za Stanley na Livingstone wanavuliana kofia. Dereva akauliza "turudi?" Tukarudi. Saa 5 asubuhi tuko gesti tunaangalia dari.

Kitu kilichobaki kichwani mwangu hakuna aliyenipeleka. Usiku wa pili umeme ulikatika, nikatoka nje kutafuta hewa. Nikaona ziwani taa, mstari mrefu, kama kuna mji mwingine juu ya maji. Nikamuuliza mlinzi, akacheka, "hao ni wavuvi wa dagaa kaka, kwani kwenu hakuna?" Kesho yake alfajiri akanipeleka mwaloni mwenyewe, akiwa bado na rungu lake. Mitumbwi inaingia, akina mama wameshakaa na beseni, bei zinapigwa kabla mtumbwi haujagusa mchanga. Dagaa wanang'aa kama misumari mipya. Nilitoa elfu tano ya asante kwa mlinzi. Ndiyo matembezi yangu bora Tanzania hii, na hayakuwa kwenye orodha ya mtu.

MamaGungu

Bongo_Mtembezi umenichoma. Miaka yote nimeziona taa zile kutoka uani kwangu na sikuwahi kumwita mgeni aje aone. Kwetu ni kama kuona nyota.

Mjukuu wa Ujiji, dakika 40 ni kweli? Na Nahodha, hizo taa zipo kila siku?

Nahodha wa Kibirizi

Hapana mama. Hapo ndipo utamwaibisha mgeni. Dagaa wanafuata mwanga, zamani tulitumia karabai, sasa wengi ni taa za sola na betri. Mwezi ukiwa mpevu juu, taa yako ni bure, samaki wametawanyika. Siku hizo wavuvi wengi wanapumzika, wanashona nyavu. Taa ni usiku wa giza, mwezi ukiwa mchanga au umezama. Kwa hiyo kalenda yako ya ukutani iwe ile inayoonyesha mwezi.

La pili: mwaka 2024 serikali ilifunga uvuvi ziwa hili tangu 15 Mei hadi 15 Agosti, samaki wazaliane, kwa makubaliano na nchi jirani. Ukiwa kwenye kufungwa hakuna taa wala mwalo. Kila ikifika mwezi wa nne uliza kwanza.

Mjukuu wa Ujiji

Dakika 40 ni kweli kama mtu anaenda makumbusho. Kosa ni la dereva. Ujiji siyo ule uzio, ni mji. Mgeni atoke pale atembee mitaani kwa miguu, aone nyumba za zamani, ashuke mwaloni wanakotengeneza mitumbwi ya mbao, mchana ale samaki mgebuka kwa ugali wa muhogo, mchuzi una mawese. Mtafutie kijana wa mtaani anayejua kusimulia, msikubaliane bei njiani. Hapo saa 9 alasiri ndiyo unamuona anarudi, na amechoka vizuri.

Mtoto wa Kasekela

Nimefanya kazi ya kuongoza wageni Gombe, niongeze kidogo, maana mnaisema kama kitu cha kiangazi tu.

Kiangazi, Julai hadi Oktoba, njia ni kavu na picha zinatoka safi. Lakini sokwe wanatawanyika mbali kutafuta chakula. Masika kuanzia Februari mpaka Mei hawaendi mbali sana, unaweza kuwapata mapema, ila unateleza na matope. Mgeni mwenye magoti mabovu usimpeleke masika hata akikulilia.

Msimu ninaoupenda mimi hausemwi na mtu: mvua za kwanza, Novemba hivi. Wakati huo mchwa wanajiandaa kuruka, na sokwe wanakaa kwenye vichuguu wakivua mchwa kwa vijiti. Jane Goodall alifika Gombe Julai 1960, na hicho ndicho alichokiona mwaka ule ule, dunia ikabidi ifikirie upya nani anatumia zana. Kumuona sokwe mama anachagua kijiti, anakichambua majani, anakitia tundu, na mtoto anaangalia, hiyo hailingani na kumuona amelala mtini. Goodall alifariki Oktoba 2025, na wageni wanaokuja sasa wengi wanataka hasa kufika pale alipoanzia. Usiwakatishe tamaa, wape tu masharti.

Masharti yenyewe yasemwe jioni, siyo asubuhi ya safari. Mwenye mafua haruhusiwi, kwa sababu yanawaua sokwe. Mtoto wa chini ya miaka 15 hapandi kwenda kwa sokwe. Kuvaa barakoa, kukaa mbali nao, na ukiwapata ni saa moja tu. Malipo ya hifadhi hayapokelewi taslimu. Nimeona baba kaja na watoto wawili wa darasa la tatu, boti ameshalipia. Walishinda ufukweni wakilinda mkate wao dhidi ya nyani, na nyani alishinda.

Unyanyembe_1872

Watu wa Kigoma bwana, Livingstone mmemfanya wenu peke yenu. Stanley alimtoa hapo Ujiji akamleta Tabora, Livingstone akakaa Kwihara mpaka Agosti 1872 ndipo akaanza safari yake ya mwisho. Mgeni wenu akirudi na treni mwambieni ashuke kwetu siku moja aone tembe, ile nyumba aliyokaa. Asali tunayo, na miembe yetu haiulizi ya Ujiji.

Samahani kwa kuingilia uzi. Endeleeni.

Mjukuu wa Ujiji

Tabora mlipewa kwa muda tu.

mwalimu_Bangwe

Hakuna aliyegusa Katonga, niiseme mimi ninayeishi njiani kwake. Ufukwe wa Jakobsen ni wa kupumzika, usiufanye zaidi ya hapo. Kilomita kama tano kutoka mjini, bodaboda anakufikisha. Kiangazi maji ni meupe, mtu mwenye miwani ya kuzamia anaona samaki wadogo wa rangi kwenye mawe, wengi hawapatikani popote duniani isipokuwa ziwa hili. Mvua kubwa zikinyesha, mito inaleta tope na miwani haina kazi. Ziwa lilipopanda miaka hii, mchanga pia ulipungua, kwa hiyo usimwonyeshe mgeni picha za zamani.

Waambie waulize wenyeji wapi pa kuogelea. Karibu na mito na matete wasiingie, kuna mamba, na kichocho kipo sehemu sehemu. Mimi ningeitumia Katonga kama siku ya pili ya mtu aliyetoka Gombe. Miguu inauma, anataka kulala kwenye mchanga na soda.

Na wakipita Bangwe wasimame kwangu, nina mawese ya nyumbani.

Bongo_Mtembezi

Mama, vipi ile meli ya zamani, Liemba? Sisi wapenda historia tunakuja kwa ajili yake.

MamaGungu

Ile nimeacha kuiahidi. Mjerumani mmoja alikaa kwangu siku tatu kwa ajili hiyo tu. Akanisimulia yeye mimi mwenyeji, kwamba ilijengwa kwao Papenburg, ikaletwa vipande vipande kwenye masanduku, ikaunganishwa hapa na kushushwa majini 1915, mwaka mmoja baada ya reli kufika. Wakaizamisha wenyewe 1916, Waingereza wakaiibua 1924. Kaniambia yote hayo na meli hakuipanda, ilikuwa imesimama. Tangu hapo nampeleka mtu bandarini akaulize mwenyewe ndipo tuongee.

Wakuu nimewasoma wote. Nimetoa kalenda ya mchungaji ukutani, nimebandika ya mwezi. Gombe nitaisema usiku mgeni anapofika, pamoja na mambo ya mafua na watoto, asubuhi siitaji tena. Boti ikikodiwa, sitoi simu mpaka nihakikishe jaketi.

Jioni hii wameingia wawili kutoka Mbeya, mama na binti yake wa miaka kumi na miwili, wana kesho tu. Gombe imejifuta yenyewe. Mwezi ni mchanga, nimewatoa uani saa 2 usiku wakaziona taa, binti akazihesabu mpaka 60 akaacha. Saa 11 alfajiri mlinzi wangu anawapeleka mwaloni, warudi wanywe chai, halafu Ujiji kwa miguu. Mjukuu, yule kijana wa kusimulia yuko wapi? Nitumie ujumbe wa ndani.

Mjukuu wa Ujiji

Nimeshatuma. Waambie wasishibe sana chapati, mgebuka unawasubiri.