"Cheza kwa kiasi": hicho kiasi anakipima nani?

Mleta mada

Wakuu, habari za usiku.

Kila tangazo la kubeti redioni linaishia na maneno yanayosomwa mbio kama mtu anayewahi daladala: cheza kwa kiasi, chini ya miaka 18 hairuhusiwi. Naomba tuyajadili hayo maneno, maana mimi naona ni ya kumlinda mwenye kampuni, siyo mchezaji.

Mdogo wangu ni bodaboda. Alikuwa na pikipiki ya mkataba, hesabu 10,000 kwa siku, miezi kumi na nne ikitimia chombo kinakuwa chake. Kalipa miezi kumi. Wiki iliyopita mwenye chombo kaja kukichukua kwa sababu hesabu ya siku kumi na tisa haijaingia. Nikaomba simu yake nikasoma meseji za miamala. Jumanne moja tu: saa 3:12 usiku katoa 1,000 kwenda kubeti. Saa 3:20, 1,000. Kisha 2,000. Kisha 5,000. Saa tano kasoro kakopa 15,000 kwa simu, zote zikaenda kulekule. Saa 7:40 usiku salio lilikuwa 312. Nilipomuuliza akasema, "Kaka, nilikuwa narudisha hela ya hesabu tu."

Tukakubaliana afunge akaunti. Kampuni siitaji. Kuweka hela ni kubonyeza mara mbili. Kujifungia tulikutafuta dakika arobaini, tukakukuta chini kabisa kwenye masharti: andika barua pepe. Tukaandika. Keshoye ikaja meseji: tumekukumbuka, chukua mizunguko 20 ya bure.

Hoja yangu ni hii. Laini zetu zote tulisajili kwa alama za vidole, tukahangaishwa na namba za NIDA, za kitambulisho cha taifa, mpaka Januari 2020. Basi Bodi ya Michezo ya Kubahatisha ilazimishe kufuli moja kwa namba ya NIDA: mtu akijifungia sehemu moja, awe amefungiwa kwa kampuni zote zenye leseni. Bila hivyo "kwa kiasi" ni porojo.

Mzee wa Mikeka

Pole kwa dogo, lakini usitufunge wote kamba moja. Nabeti tangu mwaka ule Everton walipokuja Taifa kucheza na Gor Mahia, 2017, Rooney akapiga lile la mbali. Sijawahi kuuza hata redio. Nina laini ya pembeni isiyo na huduma ya mkopo, naiwekea 5,000 kila Jumamosi asubuhi, ikiisha nimeshamaliza, naangalia mpira kama watu wengine. Sibeti nimekunywa. Sibeti timu yangu. Sigusi kabisa kale kandege, mchezo wa Aviator wa kwenye simu.

Na hilo kufuli lako la NIDA: dogo atatumia laini ya shangazi yake, utafanyaje? Au ataingia kwenye tovuti za nje ambazo Bodi haizijui wala haziijui Bodi. Mtu mzima ana hela yake, aachwe. Mbona baa hamjaziwekea kufuli?

Mama Nasra

Kamari ni haramu, imetajwa pamoja na ulevi kwenye Suratul Maida, kwangu halina mjadala. Lakini niseme ukweli, vijana wanaotoka kuswali Ijumaa na kukaa barazani kwangu ndio hao wanaoulizana odi. Ukiwahubiria wanaitikia amin huku wanasogeza kidole kwenye kioo.

Hesabu Kali

Mzee wa Mikeka, tufanye hesabu kidogo. Nafundisha hisabati sekondari na wanafunzi wangu hili swali wanalipenda kuliko maumbo.

Chukua timu ambayo kwenye mechi 10 za namna ile inashinda 7. Kampuni inakupa odi ya 1.35, yaani ukishinda dau lako linazidishwa kwa 1.35. Ukiibetia peke yake mara 100 kwa dau la 1,000, utashinda kama mara 70, unarudishiwa 94,500. Umemegwa 5,500. Siyo mbaya, ni kiingilio cha burudani.

Sasa timu kumi za namna hiyo ziunge kwenye mkeka mmoja, yaani tiketi moja ambayo lazima zote zishinde. Odi inafika kama 20, yaani 1,000 inakuahidi 20,000, mate yanakutoka. Lakini nafasi ya zote kumi kushinda ni chini ya 3 katika 100. Suka mikeka 100 ya hivyo, umetoa 100,000, unarudi na kama 56,000. Timu ni zilezile, odi ni zilezile! Kila timu unayoongeza, kampuni inamega tena juu ya ilipokwisha kumega. Ndiyo maana bonasi zinatolewa kwa mkeka mrefu, hazitolewi kwa mechi moja.

Hako kandege nako, Aviator, kanatangazwa kuwa kanarudisha 97 kwa 100, na watu wanadhani ni ukarimu. Tatizo ni mwendo. Mechi ni dakika 90, mzunguko wa kandege ni sekunde. Ukizungusha 1,000 mara 200 usiku mmoja, dau ulilopitisha ni 200,000 na wastani wa kumegwa ni 6,000. Hiyo ni ukibaki na dau lilelile. Anayepandisha dau ili arudishe hela hiyo hesabu haimhusu tena.

Wakala wa Buza

Mimi nina kibanda cha miamala karibu na kijiwe cha boda, nafunga saa sita usiku. Waliozidiwa nawajua kwa mkono. Mwenye shughuli zake anakuja mara moja, "niwekee 20,000", anaondoka. Huyu mwingine anakuja na 2,000. Baada ya dakika kumi anarudi na 2,000 nyingine, anasema ile ya kwanza kamtumia mama. Mara ya nne hasemi kitu, anaweka noti juu ya meza na kutaja namba, macho yako kwenye simu. Kuna mmoja aliniachia kofia ngumu rehani kwa 5,000. Kofia! Na kesho anapakia abiria kichwa wazi.

Kamisheni napata, sikatai. Ila kuna siku nilimwambia mtu mtandao umekata, kumbe haujakata.

Kijana wa Kisauni

Sisi Kenya tulianzia kwa matangazo. Tarehe 29 Aprili 2025 serikali iliyasimamisha siku 30, baadaye ikakataza watu maarufu kutumiwa kuvuta wateja, na mwezi wa nane Sheria ya Kudhibiti Kamari ikatiwa saini. Redio zilinyamaza kweli, nyumba ilipumua. Lakini tangazo kubwa ni rafiki yako aliyeshinda jana, na huyo hakuna wa kumzima. Pia mkopo wa simu, Fuliza, uko palepale mfukoni. Mimi ningeanza na hapo: hela ya kukopa isiingie kwenye kamari.

Mbeba Boksi

Hapo kwenye hela ya kukopa, huku Uingereza kadi za mkopo zilikatazwa kwenye kamari tangu Aprili 2020. Na kufuli analolisema mleta mada lipo, linaitwa GAMSTOP. Unajiandikisha mara moja, unachagua miezi 6, mwaka 1 au miaka 5, kampuni zote zenye leseni ya hapa za mtandaoni zinatakiwa zikukatae. Ukijuta keshoye hulifungui, unasubiri muda uishe. Nimeishi chumba kimoja na Mkenya aliyejifunga miaka 5. Wiki ya tatu akaanza kutafuta tovuti zisizo na leseni, akazipata. Lakini alisema safari hii alilazimika kuzitafuta, na katika kule kutafuta siku nyingine usingizi ulimpitia.

Mzee wa Mikeka

Hesabu Kali umeniharibia Jumamosi.

Nesi wa Zamu

Nimewasoma wote. Mleta mada, nianze na mdogo wako, sheria itafuata.

Shirika la Afya Duniani limeiweka kamari iliyomshinda mtu kwenye orodha ya magonjwa, fungu moja na ulevi na madawa. Kliniki haji mtu akasema "nimezidiwa na kubeti". Anasema halali, kichwa kinamuuma, au mke ndiye anamleta kwa sababu amekuwa mkali. Ukimdadisi ndipo unakuta mikopo ya kausha damu, ile ya riba ya kuumiza.

Kiasi cha hela hakinisaidii kupima, kuna anayeumwa kwa 2,000 kwa siku. Namuuliza umewahi kucheza ili urudishe za jana? Umemdanganya wa nyumbani kuhusu hela? Dau la mwaka jana halikuridhishi tena, unataka kubwa zaidi? Umewahi kujiapia kuacha ukashindwa? Akijibu ndiyo kwa mawili, simwachi aondoke na panadol. Muhimbili wapo, Mirembe Dodoma wapo, na hospitali nyingi za rufaa za mikoa zina kliniki ya afya ya akili. Atazungumza na mtu, wiki hadi wiki. Hela zake kwa muda zishikwe na anayemwamini, na madeni yaandikwe yote kwenye karatasi moja, hata ya kofia. Usimlipie yote kwa mkupuo, nimeona familia zikilipa na mwezi unaofuata yako mapya.

Akianza kusema bora nisiwepo, usingoje Jumatatu. Mpeleke usiku huohuo, hospitali yoyote iliyo karibu.

Mleta mada

Nesi, ahsante sana. Nimekaa naye leo jioni na maswali yako. Yote manne kajibu ndiyo, hakubisha hata moja.

Mzee wa Mikeka, nawe ulinipiga bao. Nimemuuliza dogo ile laini anayobetia imesajiliwa kwa jina la nani. Akanyamaza, akaanza kuchezea ufunguo wa pikipiki ambayo hanayo. Ni ya mama. Alimsajilisha mwaka juzi akamwambia ni ya kupokelea hela za kikoba.

Kesho asubuhi nampeleka mama duka la mtandao akaifunge. Bado sijajua nitamwambia ni kwa sababu gani. Mwenye wazo atupie hapa kabla ya saa mbili.