Tupeane uzoefu: kompyuta inawaka, lakini mfumo haupandi

Mwenye uzi, Sakina (Arusha)

Habari za jioni, wanajamvi. Naomba tusimuliane yaliyotupata pale kompyuta ilipowaka, feni ikazunguka, kisha kioo kikabaki cheusi na maandishi machache meupe. Nauliza kwa sababu mafundi wengi ukiwapelekea mashine ya namna hiyo, jibu lao la kwanza ni kufomati.

Naanza mimi. Nina stesheneri ndogo, na kompyuta yangu ya zamani ilikuwa na mifumo miwili, Windows na Ubuntu. Diski ilipojaa, niliingia Windows nikaifuta patisheni (sehemu iliyotengwa ndani ya diski) ya Ubuntu, ambayo ni aina ya Linux, ili nipate nafasi. Nilipoiwasha tena ilinijibu kwa maneno mawili tu: `grub rescue>`. Sikujua kwamba GRUB, ile programu inayouamsha mfumo, haikai mahali pamoja: kipande chake kidogo hukaa mwanzoni mwa diski, kuanzia ile sekta ya kwanza yenye baiti 512, na moduli zake nyingi, yaani vipande vinavyoikamilisha, hukaa ndani ya patisheni ya Linux, ile ile niliyoifuta kwa mkono wangu. Kilichobaki kilikuwa mlinzi wa geti asiyejua mpangaji hata mmoja. Niliazima flashi yenye Windows, nikaingia sehemu ya matengenezo, nikaandika `bootrec /fixmbr`, amri inayorudisha msimbo wa Windows kwenye ile sekta ya kwanza, na baada ya kuwasha upya nilikuta kazi zote za wateja mahali pake. Fundi alikuwa ameshaniambia nizisahau.

Mchangiaji, Majengo (Moshi)

Pole, mkuu. Mimi nilifika kwenye maandishi hayo hayo, ila Linux yangu ilikuwa hai. Nilikuwa nimefuta patisheni tupu iliyoitangulia, na kwa kuwa zote mbili zilikuwa ndani ya patisheni kubwa moja, iliyokuwa namba 7 ikawa namba 6, huku GRUB ikiendelea kubisha hodi namba 7.

Niliandika `ls`, ikaniorodheshea patisheni zote, nikazichungulia moja moja kwa `ls (hd0,msdos5)/boot/grub`, yaani patisheni namba 5 ya diski ya kwanza, kisha 6, mpaka mafaili yakajitokeza. Baada ya hapo niliandika mistari hii, na nawasihi mtu asiruke hata mmoja:

`set root=(hd0,msdos6)`
`set prefix=(hd0,msdos6)/boot/grub`
`insmod normal`
`normal`

Menyu ikarudi. Hata hivyo dawa hiyo ni ya kuwashia mara moja tu. Ukizima bila kufanya lingine, kesho utayakuta yale yale. Mfumo ulipopanda niliandika `sudo grub-install /dev/sda`, yaani diski nzima bila namba ya patisheni (hapo ndipo nilipokosea mara ya kwanza), halafu `sudo update-grub`.

Mchangiaji, Njiro (Arusha)

Kwangu GRUB haikuwa na kosa lolote. Kompyuta ya mezani ya ofisi ilikuwa ikigoma kila umeme ulipokatika usiku, na asubuhi inasema haioni diski ya kuwashia. Tuliambiwa diski imekufa, na tulikuwa tumeshaanza kuuliza bei ya nyingine. Nilichokuja kugundua, baada ya kuingia kwenye mipangilio ya BIOS (programu ya ubao inayoanza kabla ya mfumo), ni kwamba saa ilikuwa imerudi nyuma miaka mingi. Betri ya duara iliyo kwenye ubao, CR2032 ya volti 3, ilikuwa imekwisha, kwa hiyo kila umeme ulipopotea mipangilio ilirudi ya kiwandani, ikiwemo ile ya UEFI, njia mpya ya kuwashia, ambayo mfumo wetu uliwekwa nayo. Nilibadilisha betri, nikarudisha mpangilio, na haijagoma tena.

Mchangiaji, Kiboriloni (Moshi)

Mimi naona aibu kusema. Siku nzima nilihangaika, kumbe flashi tupu ilikuwa imechomekwa nyuma na mashine ilikuwa ikijaribu kuwakia humo.

Mwenye uzi, Sakina

Usione aibu, hiyo inapaswa kuwa ya kwanza kuangaliwa, na saa ya BIOS iwe ya pili. Ndugu wa Njiro, kwenye mashine yenu ya UEFI, je, `bootrec /fixmbr` ingesaidia?

Mchangiaji, Njiro

Isingesaidia. UEFI haitegemei msimbo wa sekta ya kwanza. Husoma faili la kuwashia lililo kwenye patisheni ndogo yenye mpangilio wa mafaili uitwao FAT32. Likiharibika lile la Windows, hurudishwa kwa `bcdboot C:\Windows`, ila hakikisha kwanza kwamba C ndiyo C kweli, kwa sababu ukiwasha kwa flashi herufi za diski huweza kubadilika.