Ndoa ya bomani halafu Isimila, watu sita tu: aliyewahi anipe darasa

Mwl wa Mafinga

Kamwene wakuu.

Mimi ni mwalimu hapa Mafinga, mchumba wangu ni muuguzi Mbeya mjini, kwao Tukuyu. Mahari nilimaliza mwezi wa tatu. Wazee wamekula, wamekunywa, wamepeana mikono. Balaa lilianza pale kaka yangu mkubwa alipounda kamati. Kikao cha kwanza walikuja watu 19, bajeti ikafika milioni 18. Kikao cha pili wakaja 7, na ahadi zote ukizijumlisha hazikufika milioni 2. Saa nzima iliishia kwenye rangi ya sare: zambarau au kijani cha jani la mgomba. Mimi nilikaa pembeni nikisahihisha madaftari.

Juzi usiku mchumba akanitumia picha ya wazungu wawili wameoana jangwani huko Utah, Marekani. Miamba myekundu, gauni linapepea, hakuna MC, hakuna ndafu, nyuma yao watu wanne tu. Chini ameandika: "Na sisi?" Nikamjibu jangwa tulitoe wapi, kwenu mvua na kwetu ukungu. Halafu nikakumbuka korongo la Isimila, karibu na Iringa, niliwahi kupeleka wanafunzi wa kidato cha pili. Zile nguzo za udongo jua likizipiga, ukimwambia mtu ni Utah atakubali.

Sasa wenye uzoefu: msajili anaweza kuja kutufungisha kule kule? Inachukua muda gani? Mwezi upi unafaa? Na kaka naanza kumwambiaje?

Kijana wa Ngosi

Mkuu achana na makorongo, nenda Kitulo. Bustani ya Mungu ile, mnapiga picha mpaka simu inajaa.

Dada Uyole

Mwenzio anataka jangwa, wewe unamletea maua. Halafu maua ya Kitulo ni ya msimu wa mvua, gauni jeupe na lile tope mtalifua na nini?

Mwalimu, na sisi tuliokwisha kuchanga?

Mama Kihesa

Mdogo wangu, mimi na mume wangu tulifanya hivyo hivyo, Septemba, mwaka wa tatu huu. Nisikilize mimi.

Kwanza, kama ulikuwa unafikiria kimya kimya, futa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka mtoe taarifa kwa msajili angalau siku 21 kabla, na taarifa hiyo inatangazwa ili mwenye pingamizi ajitokeze. Yetu ilibandikwa ubaoni, juu yake tangazo la chanjo ya mbwa, chini yake mnada. Majina kamili yote. Siku ya tano shangazi akaenda bomani kufuatilia mambo ya kiwanja chake. Saa nane mchana nashika simu, kapiga mara 14. Nilidhani ataniuliza kwa nini naolewa bila sherehe. Wala. Alisema, "Yaani mimi ndoa ya mwanangu niisome ubaoni, chini ya mbwa?" Mpaka leo akinikasirikia anaanzia hapo. Kwa hiyo wenye haki ya kujua wajue kabla karatasi haijapanda ubaoni.

Mashahidi ni wawili, basi. Wetu mmoja alichelewa, pikipiki ilimwishia mafuta Ipogolo, tukamsubiri kwenye benchi mimi na shela langu, wananchi wanapita na mafaili yao.

La msajili kuja korongoni, muulize siku ile ile mnapopeleka fomu. Kufungisha nje ya ofisi ni jambo la kibali, usitegemee kumbembeleza siku ya mwisho. Sisi hatukuhangaika. Asubuhi tulisaini, tukala wali kwa dada, saa tisa tukashika barabara ya Mbeya. Kutoka Iringa mjini ni kama kilometa 20, kibao kipo barabarani.

Viatu sasa. Nilivaa vya kisigino, vya kuazima. Chini ya korongo ni mchanga wa kijito kilichokauka, laini kama unga wa muhogo. Hatua ya tatu kisigino kikazama chote. Mume wangu ananivuta mkono, dada anakivuta kiatu, mpiga picha anacheka badala ya kupiga. Mwisho mume wangu alinivulia ndala zake za bluu, yeye akatembea peku. Kwenye picha zote gauni limezifunika ndala, isipokuwa moja upepo ulipoliinua. Hiyo ndiyo iliyoko sebuleni kwangu.

Msiegemee nguzo! Si mwamba ule, ni udongo ambao mvua imeula pembeni ukabaki umesimama. Dada aliweka kiganja tu, changarawe zikammwagikia begani, na yule anayetembeza wageni akatukemea kama watoto wa shule. Alipotulia akatupeleka kwenye zile zana za mawe za watu wa kale, akatueleza zilivyoanza kuokotwa mwaka 1951 na watafiti wakaja kuchimba 1957 na 1958. Mume wangu alipoona shoka moja lilivyo kubwa akasema huyo mwenye nalo mkewe alikuwa hapigi kelele. Nikamwangalia. Tuna saa sita kwenye ndoa, naye ameshaanza.

Wahini kufika. Korongo lina kina, kivuli kinaanza kupanda mapema. Saa kumi na moja sisi tulikuwa gizani huku vichwa vya nguzo bado vinawaka rangi ya tofali. Ila saa sita mchana msiende, jua la utosini linazifanya zote zifanane.

Mwezi: Juni na Julai mabega ya bibi harusi yatakufa na baridi. Septemba na Oktoba ni kukavu, vumbi mtalipata, pindo la gauni langu halijatakata hadi leo. Masika msijaribu, mvua ikipiga huko juu maji yanapita hapo hapo mlipopanga kusimama.

Kijana wa Ngosi

Naongezea, mwenye geti aambiwe kabla kwamba mnakuja na gauni na kamera. Hata huko Utah kwa hao mnaowaiga, ndani ya hifadhi ya Arches hufungi ndoa bila kibali. Nina binamu alikwenda sehemu nyingine na mpiga picha bila kuuliza, wakarudishwa na keki yao mkononi.

Mzee wa Ifunda

Kijana, nimesoma yote.

Hiyo sheria ya 1971 inasema pia kwamba ndoa haiharibiki kwa sababu desturi ya mahari haikufuatwa. Wewe mahari umetoa, basi usijiendeshe kama mtu aliyetorosha binti. Zamani aliyetorosha alitanguliza faini ndipo asikilizwe. Wewe huna faini, kwa nini unanyata?

Kaka yako usimpigie simu. Nenda kwake na mshenga, jioni, akiwa ameshakula. Usianze na habari ya picha za wazungu. Anza na fedha. Daftari la michango liwe mkononi, kila aliyetoa arudishiwe chake kwa jina, hata kama ni elfu tano, maana kaka ndiye aliyesimama mbele ya watu kuomba. Anachoogopa ni hilo kuliko sherehe. Upande wa Tukuyu vivyo hivyo, mama mkwe asikie kwa binti yake kabla ya kusikia kwa mtu wa basi.

Dada Uyole

Mzee umenijibu mimi bila kunitaja. Asante.

Mwl wa Mafinga

Nimetoka kwa kaka sasa hivi. Mshenga alitangulia kuongea, mimi nikaweka daftari mezani. Kaka alikuwa anachambua maharage kwenye ungo, hakuinua macho. Akachambua, akachambua, akatupa kijiwe nje. Kisha akauliza, "Hao watu sita, mimi wa ngapi?" Nikasema wa kwanza, ni shahidi wangu. Akanyamaza tena. Akasema basi sawa, lakini kitambaa cha zambarau ameshanunua na fundi ameshakata, kwa hiyo atakuja nacho.

Fedha zinarudi kuanzia kesho, Dada Uyole nitumie namba yako pembeni.

Mchumba yuko zamu ya usiku, akitoka Jumatatu asubuhi anapanda basi la kuja huku, tunapeleka taarifa bomani hapa hapa Mafinga. Nimehesabu siku 21 na tano za dharura, inaangukia wiki ya pili ya Septemba. Tutasaini asubuhi, Isimila saa tisa, kulala Iringa.

Mama Kihesa, hizo ndala zilikuwa namba ngapi?

Mama Kihesa

42. Miguu ya mwanaume, nilikuwa natembea kama bata. Mnunulie zake, na nyeupe zipo sokoni.